Bwana Mizani na Mayai ya Kishingo

Ungemwona sokoni Mkomaindo, hapa Masasi, amesimama mbele ya mwuza sufuria, usingejisumbua kumngoja. Ungekwenda zako nyumbani, ungepika, ungekula, ungerudi, ungemkuta palepale, kashika sufuria ileile, anaigonga kwa kucha na kuisikiliza. Kisha anairudisha mahali pake taratibu. "Ngoja kwanza," anamwambia mwuzaji, "mshale haujatulia." Anaondoka mikono mitupu. Wauza vyombo walimzoea, wengine walimpa hata kigoda akae wakati anachagua kile ambacho wote walijua hatakinunua.

Tulimwita Bwana Mizani. Alikuwa mpimaji wa korosho wa chama cha ushirika, na maneno yake yote yalitoka kwenye ile mizani. Msimu ukifika ghala linajaa magunia na kelele, wakulima wa Lupaso na kwingineko wamepanga foleni tangu alfajiri, kila mtu anataka apimiwe arudi kwake. Yeye hana habari. Gunia likishapandishwa anarudi nyuma kidogo, anakunja mikono, anaungoja mshale uache kutikisika. Ukipiga kelele anakutazama tu. "Mshale ukitulia, hiyo ni haki yako. Kabla ya hapo tunakisia." Watu walimtukana kwenye foleni na kumsifu njiani wakirudi, na katika miaka yote ile sikuwahi kusikia mtu akisema Bwana Mizani kanipunja.

Biashara ilipofunguliwa, wakati wa ruksa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani zao, na mizani nyingine, mwe, zilikuwa na akili kuliko wenyewe. Chama kikalala. Mnunuzi mmoja akamfuata mpaka nyumbani kumpa kazi, maana wakulima walimwamini. Akamjibu, "Nitafikiri." Alifikiri mpaka msimu ukaisha na yule bwana akafunga turubai lake akaondoka. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta, mwuza nafaka ninayejua njaa inavyobisha hodi, nilimjia juu. Akaniambia kwa upole, "Mama Rehema, mizani ya yule bwana mshale wake unatulia upesi mno."

Sasa mtu wa namna hii ukiolewa naye utafanyaje? Mkewe, Mama Somoe, alikuwa shoga yangu. Somoe mwenyewe aliwafia akiwa bado mdogo, na hawakupata mwingine, jina likabaki kwao wote wawili. Mama Somoe alikuwa mwepesi wa kucheka kuliko mwanamke yeyote niliyemjua mtaani kwetu. "Mume wangu akienda kununua chumvi," alikuwa akisema, "mimi mboga naitoa jikoni hivyohivyo." Walilalia kitanda cha kamba kilichoning'inia kama machela kwa sababu Bwana Mizani alikuwa bado anachunguza mafundi. Redio zilipojaa madukani, kila nyumba ikaimba, kwao kimya. Akaja kusikiliza redio yangu, na hapo ndipo nilipogundua kioja: mtu huyu aliyesema maneno machache kwa watu aligombana na redio. Mtangazaji akitaja bei ya korosho, Bwana Mizani anasimama. "Umepima wewe? Umepima kwa mizani gani?"

"Kwani wewe alikuchumbia vipi, mtu mzito hivi?" nilimwuliza Mama Somoe siku moja tukipeta mbaazi.

"Loo! Alikuja kwetu Newala akakaa, akanywa maji, akaondoka. Akaja tena, akanywa maji, akaondoka. Na wewe unajua kwetu maji yalivyo shida. Mara ya nne mama akamwuliza, baba, unaposa au unakagua?" Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Lakini alipochagua, shoga, alichagua. Hajawahi kuniangalia kama mtu aliyekosea."

Kitu pekee kilichomtoa Bwana Mizani katika utaratibu wake ni kuku. Aliwachukia. Mama Somoe alikuwa na kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wekundu wenye mikia myeusi. Mbegu yake alipewa na mama yake alipokuwa anaolewa, na mama yake alipewa na mama yake vilevile, ikashuka naye kutoka uwanda wa juu wa Newala mpaka Masasi ndani ya tenga. Mume akikaa barazani kuku wanapita katikati ya miguu yake. Akianika suruali wanaichafua. "Hawa viumbe wako watanizika," analalamika, na ndara inaruka uani. Mama Somoe anaiokota ile ndara, anamrudishia, anamwambia, "Warushie na nyingine basi, wapate jozi." Yai la kuchemsha, hata hivyo, alikuwa halikatai.

Nimechelewa kufika hapa kwa makusudi, maana sehemu hii inaniuma mpaka leo.

Mama Somoe alianza kuumwa tumbo wakati mikorosho inachanua. Kwanza alisema ni la kupita, akanywa mizizi. Haikusaidia. Bwana Mizani akaanza kupima. Hospitali ya wilaya, ya Mkomaindo, iko hapahapa, tunasikia hata mlango wake ukifungwa. Ndanda kuna hospitali ya masista, watu wanatoka mbali kwenda kutibiwa, lakini ni safari, na mgonjwa atatikiswa na gari. Tena kuna mzee mmoja kule kwao Newala mwenye dawa zake. Akazunguka kuuliza watu. Alimwuliza aliyepona Mkomaindo, akamwuliza aliyepona Ndanda. Nilimshika shati, wallahi, nilimshika shati mbele ya watu. "Mpeleke popote! Kokote uendako ni kuzuri kuliko kitandani!" Akaniambia, "Ngoja kidogo, Mama Rehema. Nisije nikakosea." Aliogopa kukosea kwa sababu alimpenda, hilo nalijua sasa. Wakati ule nilimwona jiwe. Alipochagua Ndanda, gari likapatikana, na Mama Somoe akakata roho njiani akiwa amemlalia mapajani.

Tulimzika kwao Newala. Sikumsikia mumewe akilia. Alikaa barazani na kuku wakapita katikati ya miguu yake, na ndara hazikuruka.

Baada ya arobaini, ukoo wa mkewe ukashuka kutoka Newala. Kwetu mali ya mwanamke ni ya ukoo wake, haina mjadala, na kaka yake Mama Somoe ni mtu mstaarabu, hakuja kupora. Waligawa kanga, wakachukua vyungu, wakafunga kuku miguu, wote, majike na jogoo wao, wakawapanga matengani. Mume alisaidia kufunga kamba. Lakini yai nani analihesabu? Kikapu cha mayai kikabaki jikoni nyuma ya mlango, mayai yaliyotagwa siku za mwisho kabla kuku hawajachukuliwa, na hakuna aliyekitazama.

Kabla ya wiki kwisha habari ikashuka na gari la abiria. Kideri, ile tauni ya kuku, kimeingia kijijini kwao. Kuku wa Mama Somoe wamelala wote, hakubaki hata wa dawa. Na sisi huku chini kilitupitia siku hizohizo, mabanda ya mtaa mzima yalikuwa matupu, hata kuku wangu niliwafukia mwenyewe. Jike la kuatamia lisingepatikana kwa kuazima wala kwa kununua.

Nilimkuta Bwana Mizani jikoni kachuchumaa mbele ya kile kikapu. Akanyanyua yai moja, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Mama Rehema," akasema, "hawa ndio wamebaki."

Wakati ule mashine za kutotolesha vifaranga zilikuwa jambo jipya kwetu. Watu walizizungumza sana. Fundi wa mbao aliweza kukutengenezea sanduku lenye taa ya chemli chini, na kwenye karakana ya Ndanda walijua kuyaunda vizuri, ila uagize na ungoje. Fundi bati alikuwa na lake la kuta mbili, katikati unajaza maji ya moto. Na katika duka moja jipya la vifaa, lililofunguliwa na ruksa, dirishani ilikaa mashine ya umeme kutoka ng'ambo, nyeupe, ina kioo na kitaa chekundu. Kila mtu mwenye akili alijua la kuchagua. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta, ukiwaka leo unaomba radhi kesho. Ungemwuliza mtoto wa shule angekwambia nunua ya taa. Na kama kulikuwa na mtu mmoja Masasi nzima wa kukaa chini na kupima joto, mafuta, ukubwa, unyevu, kugeuza mayai, mtu wa kuzunguka mafundi wote mpaka awachoshe, ni yeye.

Aliuza baiskeli yake asubuhi, akaingia dukani, akaonyesha kidole. Mwenye duka alinisimulia mwenyewe baadaye, bado anashangaa. Alimjua Bwana Mizani kwa miaka ya kugusa vitu na kuondoka, hivyo alipomwona akaendelea kunywa chai yake. "Nifungie ile," Bwana Mizani akamwambia. Mwenye duka akamwuliza kama anataka kuijaribu kwanza. "Hapana." Hataki kujua inavyofanya kazi? "Utaniambia huku unafunga." Akaibeba kichwani akipita sokoni, na wauza sufuria wakasimama kumtazama.

Nilimgombeza. Nilimwambia, "Baba Somoe, umeme! Hukufikiria umeme?"

"Za taa ni za kungojea. Hii ilikuwepo."

"Siku zote unangoja, leo ndiyo umekosa subira?"

Aliweka ile mashine chini. Akanitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala, akasema, "Nilingoja, Mama Rehema. Si uliniona?" Nilikwenda kwangu nikalia jikoni.

Akayapanga mayai, kila moja akalitia alama ya mkaa upande mmoja ili ajue lipi kaligeuza. Akaweka kisahani cha maji ndani kama alivyoelekezwa. Akahamia chumba kile na mkeka wake. Siku za mwanzo umeme ulijitahidi, nikaanza kujiona mjinga mwenye maneno mengi. Kisha ukakatika mchana mmoja na haukurudi. Nilisikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nikakuta kayatoa mayai kayafunika kwa shuka na kanga moja ya Mama Somoe iliyosalia, anawasha jiko la mkaa katikati ya chumba. Mimi nikachemsha maji, nikajaza chupa, tukazizungushia kanga. Yalipoa, tukayapasha. Yakapata joto kupita kiasi, tukafungua dirisha. Umeme ukarudi, ukaenda tena. Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka wiki tatu zikatimia, tukiwa wawili tu, tumenuka moshi.

Likapasuka moja tu. Mengine tuliyavunja baadaye, ni viza, na mengine yalikuwa na vifaranga kamili vilivyofia ndani. Bwana Mizani alivifukia vyote uani kwa mkono wake. Lakini yule mmoja alitoka, mwekundu, shingo tupu, anapiga kelele kana kwamba tumemchelewesha. Mtu aliyewarushia kuku ndara kwa miaka ishirini alimtia kifaranga yule mfukoni mwa shati, akaenda naye msikitini mpaka mlangoni, akaenda naye sokoni. Alimpa majina ya kila namna, ila la marehemu hakulitumia. Kisha akamwita fundi wa mbao aibadilishe ile mashine nyeupe, itumie taa ya chemli. Safari hii alipima, alijaribu, alifukuza fundi na kumrudisha. Mashine ikakaa vizuri. Wanawake wa mtaa wakaanza kumletea mayai yao, na vifaranga vikatoka.

Kifaranga akakua, akawa tetea. Nikamwambia, "Haya, sasa umtafutie jogoo, mbegu irudi." Akasema jogoo wa kuazima anatosha, awe wa yeyote. "Sisi huku ukoo tunauhesabu kwa mama. Na kuku tutawahesabu hivyohivyo." Alicheka, nami nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akasema, "Nikishampeleka Newala."

"Umpeleke Newala kufanya nini?"

"Ni mali yao. Yai lilitoka kwa kuku wao."

Loo, niligomba! Nilimwambia yai aliangua yeye, moshi tulivuta sisi, baiskeli kauza yeye, wenyewe yai hawakulikumbuka hata kuliangalia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kuku akikaa kwake atakuwa amedhulumu watu waliomwoza, na mkewe hakuolewa na mtu wa kudhulumu. Atampeleka, kideri kimeshapita kule, atage, na yeye atakwenda kuomba mayai kwa heshima kama mkwe, ayalete kwenye mashine. Watakuwa na mbegu yao juu, na yeye atakuwa nayo chini. Akampeleka. Nilimwona akipanda gari amemfunika kwa kanga.

Mbaazi zilipokuwa tayari kununuliwa, tuliongozana kwenda Newala, mimi kwa biashara yangu, yeye na kikapu kilichotandikwa pumba vizuri, laini, kila kitu mahali pake. Njia nzima, gari linakwea na kukohoa, alikiweka mapajani. Hesabu yake ilikuwa tetea keshaanza kutaga. Alivaa kanzu iliyonyooshwa. Sikuwahi kumwona kijana hivyo.

Tulipofika tulimwona kwa macho yetu. Tetea mwekundu, mkubwa, anaparua chini ya ghala, na alikuwa kuku peke yake pale uani. Bwana Mizani alisimama akamwangalia, midomo ikamcheza. Shemeji yake akatoka, wakapeana mikono, tukasalimiana, shikamoo, marahaba, habari za njia, habari za huko chini. Mgeni hasemi haja yake kabla hajala, na yeye alikuwa mtu wa adabu, akaweka kikapu ukutani na kufunga mdomo. Shemeji akatuchukua kwenda kuzuru kaburi. Ni mbali kidogo, ng'ambo ya mikorosho. Bwana Mizani alichuchumaa pale akang'oa majani, midomo inamwenda. Nilisikia neno "mayai".

Tuliporudi, ua ulikuwa umefagiwa. Tukaletewa maji ya kunawa, kidogo, yamepimwa, na ugali wa muhogo, na bakuli la mchuzi. Kuku. Nikatupa jicho chini ya ghala, hapakuwa na kitu. Kwenye mlango wa jiko kulikuwa na manyoya mekundu, na meusi ya mkia. Mke wa shemeji akapiga goti, akasogeza bakuli mbele ya Bwana Mizani. Firigisi ilikuwa juu, ya mkwe mheshimiwa, na pembeni yake, kwenye mchuzi, vile viini vidogovidogo vya mayai ambayo hayajatagwa, vya njano, vimeshikana.

"Karibu, shemeji," kaka yake Mama Somoe akasema, na alikuwa anasema kwa moyo wake wote, Mungu ananisikia. "Hatuna kitu, unatuona. Kuku huyu ndiye yule uliyetuletea. Watu wamemtaka, nimekataa. Nikasema huyu haliwi na mgeni mwingine ila mume wa dada yangu."

Bwana Mizani alitazama bakuli. Akanawa mikono tena, ingawa alikwisha nawa. Akamega ugali, akachovya, akala. Akala firigisi. Akala vile viini, kimoja kimoja, hakubakiza hata kimoja, kwa sababu wenyeji walikuwa wanamtazama kwa furaha. Machozi yakamtoka, na mke wa shemeji akasema pilipili imezidi, akamwomba radhi.

"Haijazidi," akasema. "Umepika vizuri, mwanangu. Nashukuru sana."

Tulipomaliza, shemeji akakiona kile kikapu ukutani. "Haya, shemeji, tumekula. Sema haja yako. Nimekuona na kikapu."

"Sina haja," Bwana Mizani akamwambia. "Nilikuja kuwasalimu tu."

Wakacheka, wakasema kikapu cha mkwe hakirudi kitupu, wakamjazia mbaazi juu ya zile pumba.